Ukuta mnene hautoshi: Sauti hupita wapi nyumbani mwako?



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo, chakula cha mtoto na malaria. Juma hili tuangalie jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni suala la afya, nalo ni sauti inayopenya kwenye kuta na sakafu za nyumba zetu. Nitaanza na kosa lililotokea mikononi mwangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa tabibu katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Chumba cha kuonea wagonjwa kilijengwa kwa tofali za saruji za inchi 6, kikapigwa lipu pande zote mbili na kupakwa rangi. Nyuma ya ukuta ule lilikuwapo benchi la wagonjwa wanaosubiri zamu. Asubuhi moja nilimpa mama mmoja majibu ya kipimo chake cha damu. Nilifunga mlango kwanza. Nilizungumza kwa sauti ya kawaida, naye akauliza maswali yake kwa sauti ya kawaida. Kabla ya alasiri habari yake ilikuwa imefika bombani wanakoteka maji.

Mama yule hakurudi kuchukua dawa. Alikuja baada ya wiki tatu, tena jioni, watu wakiwa wameondoka. Akaniambia, "Daktari, umenitangaza." Nikamwapia kuwa sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa nasema kweli, lakini na yeye hakuwa amekosea.

Alipoondoka nilimwomba muuguzi akae kwenye kiti changu, afunge mlango na asome kwa sauti ya kawaida maandishi ya kadi ya kliniki. Mimi nikaenda kukaa kwenye benchi. Nilisikia kila neno. Nikaukagua ukuta, haukuwa na ufa hata mmoja. Nikapanda ngazi, nikafungua tundu la dari, ndipo nikaelewa. Ukuta ule mnene uliishia usawa wa dari. Juu yake, chini ya bati, palikuwa na nafasi moja tupu kutoka mwanzo wa jengo hadi mwisho. Siri ya mama yule haikupita kwenye tofali, ilipita juu yake.

Tangu siku hiyo nimezitazama nyumba zetu za Usagara na Mwanza kwa jicho jingine. Nyumba nyingi za kupanga zimejengwa vilevile.

SAUTI NI KITU GANI?

Sauti ni mtikisiko. Kijana wa madrasa akipiga dufu, ngozi hutikisika na kuisukuma hewa iliyo jirani nayo. Hewa hiyo nayo husukuma iliyo mbele yake, hadi mtikisiko ufike kwenye ngoma ya sikio lako. Katika hewa husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Katika maji, kama yale ya ziwa letu, hukaribia mita 1,500. Katika zege huzidi mita 3,000, na katika chuma huzidi mita 5,000.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanadhani kitu kigumu huua sauti, kumbe sauti ikishaingia ndani ya kitu kigumu husafiri haraka na kufika mbali. Kinachotusaidia ni kwamba si rahisi kuingia. Hewa ni nyepesi na ukuta ni mzito. Mtikisiko wa hewa ukiufikia ukuta mzito, sehemu kubwa mno hurudishwa nyuma na ni sehemu ndogo tu inayofanikiwa kuutikisa ukuta.

Kwa hiyo ni lazima tutofautishe aina mbili za sauti katika nyumba. Ya kwanza ni sauti ya hewani, kama mazungumzo, kilio cha mtoto na redio. Ya pili ni sauti ya kugonga, kama mchi kwenye kinu, kigoda kinachoburutwa, mlango unaobamizwa na mashine iliyofungwa sakafuni. Hii ya pili huanzia ndani ya kitu kigumu chenyewe, wala haihitaji ruhusa ya hewa. Ndiyo maana dawa ya moja si dawa ya nyingine.

UNENE UNASAIDIA KIASI GANI?

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida, ukisimama mita moja kutoka kwa msemaji, ni karibu desibeli 60. Zikipungua desibeli 10, sikio huona sauti imepungua kama nusu.

Ukuta wa tofali za saruji za inchi 6 zilizosimamishwa, zikajazwa udongo wa saruji vizuri kwenye maungio na kupigwa lipu pande mbili, unaweza kupunguza sauti ya hewani kwa desibeli 45 au zaidi. Ukitoa 45 katika 60 unabaki na 15, ambazo katika chumba cha kawaida hazisikiki. Maana yake ni kwamba ukuta wa kawaida tulionao, ukijengwa kwa uangalifu, unatosha kabisa kuficha mazungumzo.

Sasa chukua mtu mwenye uwezo anayesema, "Nitalaza tofali ili nisiwasikie majirani." Tofali lililolazwa hutoa ukuta wa inchi 9 badala ya 6. Atanunua tofali nusu zaidi ya zile za mwanzo. Atapata nini? Kanuni ya fizikia inasema uzito wa ukuta ukiongezeka maradufu, upungufu wa sauti huongezeka kwa takriban desibeli 5 hadi 6. Kwa nusu ya uzito aliyoongeza atapata kama desibeli 3 au 4 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida.

Lipu ina faida kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tofali la mchanga mwingi na saruji kidogo lina vinyweleo, na maungio ya fundi mwenye haraka huwa na mapengo. Sauti hupenya humo kama maji kwenye chujio. Lipu huziba yote hayo kwa pamoja. Nyumba ya tofali za kuchoma isiyopigwa lipu inaweza kuwa na ukuta mpana na bado ikavuja sauti.

NJIA ZA PEMBENI

Fikiria mlango. Ubao wake una eneo la karibu mita 2 za mraba. Chini yake kuna uwazi wa sentimita 2 kwa upana wa sentimita 80. Uwazi huo haufiki hata asilimia 1 ya mlango. Lakini kitu chenye uwazi wa asilimia 1 hakiwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20, hata kingekuwa cha chuma. Ukitoa 20 katika 60 unabaki na 40, na katika utulivu wa usiku desibeli 40 ni maneno yanayosikika na kueleweka. Pesa zote za mninga zimeishia kwenye uwazi wa vidole viwili.

Njia za pembeni zilizo maarufu katika nyumba zetu ni hizi:

1. Juu ya dari. Kuta za vyumba zikiishia usawa wa dari, sauti hupanda kupitia singibodi au jipsamu nyembamba, husafiri chini ya bati na kushuka chumba cha pili. Palipo na dari ya turubai au pasipo na dari kabisa, hata kizuizi hicho kidogo hakipo.

2. Chini ya mlango na kwenye tundu la ufunguo.

3. Matundu ya hewa yanayofunguka kwenye korido moja au kwa jirani.

4. Soketi za umeme zilizochimbwa mgongo kwa mgongo, moja huku na nyingine kule. Hapo ukuta wako wa inchi 6 umebaki kama inchi moja.

5. Dirisha kwa dirisha. Sauti hutoka lako na kuingia la jirani, ukuta ukiwa kati yao hauna kazi.

Jambo hili si la nyumba za maskini peke yake. Nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazoweza kufika nusu mita. Hata hivyo aliyelala humo husikia ya uani na ya mtaani, kwa sababu nyumba hupumua kupitia ua wa ndani na madirisha. Panapopita upepo ndipo sauti nayo inapopita.

SAKAFU NA MISINGI

Katika nyumba za ghorofa za katikati ya jiji la Mwanza malalamiko ni mengine. Sakafu ya zege ya inchi 6 ni nzito, mazungumzo ya juu hayashuki. Lakini mama wa juu akitwanga kisamvu, wa chini huhisi anatwangiwa kichwani. Mchi unagonga kinu, kinu kinagonga zege, na zege linaipeleka sauti kwenye kuta zote zilizoungana nalo. Kuongeza unene wa zege hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kitu laini kati ya kinachogonga na kinachogongwa, yaani gunia lililokunjwa mara nne chini ya kinu, zulia nene, au vipande vya kandambili zilizochakaa chini ya miguu ya vigoda na meza. Chumba chenye marumaru tupu ndicho kibaya kuliko vyote.

Sabufa ina balaa mbili. Hupiga sauti nzito, na sauti nzito ndiyo inayopenya ukuta kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo jirani hapati maneno, anapata ule mdundo tu. Pia huwekwa sakafuni, ikaitikisa sakafu moja kwa moja. Haya ni hata kama kinachopigwa ni mawaidha au kisomo cha Qur'ani. Ukuta hautofautishi mawaidha na muziki wa dansi, na mtoto mchanga wa jirani vilevile.

Mwanza ni mji wa miamba, na wengi tumeweka misingi juu ya jiwe. Jiwe ni imara, lakini mwamba mmoja ukibeba nyumba yako na mashine ya kusaga, mtikisiko una barabara nzuri ya kupita. Mwenye mashine aifunge juu ya msingi wake wa pekee, uliotengwa na ukuta wa nyumba, na aweke mpira mzito chini ya vyuma vyake.

Kwa sisi wa njia panda ya Usagara liko jambo jingine. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na magari ya Sengerema na Geita hayasubiri tena kivuko. Ni neema kubwa, wagonjwa wanavuka saa yoyote. Lakini na malori yanavuka saa yoyote. Anayejenga sasa karibu na barabara apange chumba cha kulala upande wa nyuma, jiko na stoo upande wa barabara. Hilo halimgharimu tofali hata moja.

MADHARA KIAFYA

Sikio halina kope. Ukilala, macho hufungwa lakini masikio hubaki kazini. Kelele za usiku zinaweza zisikuamshe kabisa, lakini mapigo ya moyo hupanda, mwili hutoa homoni za taharuki na usingizi mzito hukatika. Asubuhi unaamka umechoka na hujui kwa nini. Yakiendelea kwa miaka, tafiti zimeyahusisha na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 1999 lilishauri kelele za mfululizo chumbani mwa kulala zisizidi desibeli 30. Mwaka 2009 kanda yake ya Ulaya ilishauri kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi 40.

Watoto huumia kwa namna nyingine. Katika shule moja ya New York, iliyokuwa kando ya reli ya juu, utafiti wa mwaka 1975 ulionyesha watoto wa madarasa ya upande wa treni wako nyuma katika kusoma, wale wakubwa kwa karibu mwaka mzima, ukilinganisha na wenzao wa upande wa utulivu. Reli ikawekewa mipira na madarasa yakawekewa dari ya kunyonya sauti. Utafiti uliofuata, uliotolewa mwaka 1981, ulikuta tofauti ile imetoweka. Hawakubomoa ukuta. Walishughulikia chanzo na njia.

Dhara la tatu halina kipimo cha desibeli, nalo ni siri. Mgonjwa anayeogopa kusikika hasemi ukweli, na asiyesema ukweli hapati tiba sahihi. Mume na mke wasioweza kuzungumza bila jirani kusikia huacha kuzungumza au huzungumza kwa hasira. Watoto nao husikia ugomvi wa wazazi wakiwa kitandani, asubuhi hawasemi, wanakojoa kitandani tu, na mama anawaleta kwangu akidhani ni kichocho.

JIPIME MWENYEWE

Usiku, kukiwa kimya, mwache mmoja chumbani asome kitabu kwa sauti ya kawaida. Wewe simama chumba cha pili. Kwanza weka sikio karibu na ukuta, kisha chini ya mlango, kisha panda kwenye kiti uelekee dari. Mahali sauti inapokuwa safi zaidi ndipo penye njia. Halafu zima taa chumba chako na uwashe cha pili. Popote mwanga unapopenya, sauti nayo inapenya. Mwisho mwambie aburute kigoda. Ukisikia kigoda na husikii maneno, tatizo lako ni la sakafu.

LA KUFANYA

Anza na lililo rahisi:

- Weka mpira au kitambaa kizito kilichoshonwa kama nyoka chini ya mlango wa ndani.
- Ziba kwa saruji nyufa, matundu ya nyaya na maungio yaliyo wazi. Piga lipu ukuta unaotenganisha familia mbili.
- Inua sabufa kutoka sakafuni, iweke juu ya godoro dogo, mbali na ukuta wa jirani. Punguza mdundo kabla ya kupunguza sauti.
- Kabati la nguo lililojaa liegemee ukuta wa jirani.
- Ukijenga au ukipata nafasi ya kukarabati, pandisha kuta za vyumba hadi ziguse bati. Ukuta unaotenganisha wapangaji usiishie kwenye dari. Ni kozi chache za tofali, na ndizo zenye faida kuliko kulaza tofali za ukuta mzima.
- Soketi za pande mbili zisikutane mgongo.

Wako wanaogandika trei za mayai au sponji ukutani. Hizo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini hazizuii sauti kutoka, kwa sababu hazina uzito. Tena hushika moto haraka. Usizitumie.

TAHADHARI: Usizibe madirisha wala matundu ya hewa yanayotazama nje. Chumba kisichopumua hueneza kifua kikuu, na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa huua kwa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Ziba tundu linaloelekea kwa jirani, acha linaloelekea uwanjani. Kama inabidi kuchagua kati ya sauti na hewa, chagua hewa.

Kelele za mashine au ukumbi zikizidi, nenda kwanza kwa mwenyewe kwa maneno mazuri. Asiposikia, iko serikali ya mtaa na iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo.

HAKI YA JIRANI

Ndugu msomaji, katika Qur'ani iko sura iitwayo Al-Hujurat, maana yake vyumba. Mwanzoni mwake inafundisha adabu ya sauti na inawalaumu waliokuwa wakiita kwa kelele nyuma ya vyumba vya Mtume (SAW). Katika aya ya 12 inakataza kupelelezana na kusengenyana. Ukiitafakari utaona kuwa mafunzo hayo yanahusu pande zote mbili za ukuta. Aliye ndani asimuudhi wa nje kwa sauti yake, na wa nje asiyageuze aliyoyasikia kuwa habari za bombani. Ukuta ukivuja, ulimi wako uwe ndio lipu. Kuna siku utasikia la jirani bila kukusudia. Hilo ni amana, lifie hapo.

Na yule mama? Nilimwendea, nikamweleza sauti ilipopitia na nikamwomba radhi. Benchi lilihamishiwa upande wa pili wa jengo wiki ileile. Kamati ilipopata tofali, fundi alizipandisha kozi zilizopungua hadi kwenye bati, na mlango ukawekewa mpira. Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya tatu nilikaa tena kwenye benchi, muuguzi akasoma, nami nikasikia mnong'ono usio na maneno. Mama alianza tena dawa, alhamdulillah. Lakini wiki zake tatu hazikurudi, na yaliyokwisha semwa bombani hayakurudi pia.

Leo usiku, watoto wakilala, chukua kiti, simama chini ya dari yako na usikilize. Huenda ukajua jirani yako amekuwa akisikia nini miaka yote hii.

Wabillahi tawfiq.